Traka haizuii gari kuibwa: jibu kwa familia yenye Hiace ya kulala safarini

*"Fundi, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Moshi. Tuna Toyota Hiace ya mwaka 2002, dizeli, injini ya 5L. Tumetoa viti vyote vya nyuma tukaweka kitanda, makabati ya mbao, friji ndogo, betri ya pili, paneli ya sola juu na jiko la gesi. Desemba tunataka kushuka nayo Lushoto, Tanga na Pangani, kisha tuvuke Horohoro tuingie Kenya mpaka Diani, tukiwa na watoto wawili. Fundi mmoja hapa mjini anasema tufunge GPS yenye kuzima injini kwa simu, basi, hatuhitaji kingine. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema tusipoteze hela kwenye GPS, tununue alamu nzuri na pochi ya kuzuia mawimbi ya ufunguo. Mume wangu yeye anataka kufuli kubwa nje ya kila mlango. Mimi hofu yangu ni usiku, maana nasikia wezi wanapulizia dawa ya usingizi watu wakalala fofofo hadi asubuhi. Tumetenga milioni moja. Tuanze na nini?"*

Dada yangu, katika maelezo yako naona hofu tatu zimefungwa kwenye furushi moja. Ya kwanza ni gari lote kuondoka mkiwa mnaogelea Pangani. Ya pili ni gari kubaki lakini friji, betri na vioo viende. Ya tatu ni nyinyi wenyewe mkiwa mmelala ndani. Kila moja ina dawa yake. Fundi wenu amejibu nusu ya hofu ya kwanza. Kaka yako amejibu vizuri, ila kwa gari lisilo lenu. Na mumeo, Mungu amjalie, amejibu ya pili kwa njia inayowaweka hatarini kwenye ya tatu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu.

Nianze na GPS kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko kitu kingine chochote. Satelaiti za mfumo huu zinazunguka dunia kwa urefu wa takribani kilomita 20,200. Kifaa kilichofungwa garini hakitumi chochote huko juu. Kinasikiliza tu, na kikishasikia satelaiti nne au zaidi kinapiga hesabu ya mahali kilipo. Hapo wewe bado hujui kitu. Ili ujue, kifaa hicho lazima kikutumie hesabu yake kupitia laini ya simu iliyomo ndani yake, kwa meseji au kwa bando la intaneti, kama simu yako inavyofanya. Kwa hiyo kifaa hicho, yaani traka, kinaweza kunyamaza kwa njia tatu: kisione anga, kisipate mtandao, au kikatiwe umeme. Gari likiingizwa ndani ya kontena la chuma, linapoteza anga na pengine mtandao pia. Mwizi aliyejiandaa anaweza kubeba kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi, kinachochomekwa kwenye soketi ya sigara, kwa kuwa mawimbi ya satelaiti yakifika ardhini yameshakuwa dhaifu mno. Na mwizi asiyejiandaa anachomoa tu waya wa betri.

Simaanishi msifunge. Fungeni. Lakini fungeni mkijua kwamba traka inaanza kazi baada ya wizi kutokea. Inawaambia gari limepita wapi na linaelekea wapi, na mkiwa wepesi, polisi wanalifikia kabla halijavuliwa nguo. Mabasi ya mikoani mnayopishana nayo barabarani hufungwa VTS, mfumo wa LATRA wa kufuatilia magari, na kazi yake kubwa ni kudhibiti mwendo. Hakuna anayeiita ulinzi.

Mkifunga, kuna mambo ambayo msimwachie fundi aamue peke yake. Chagueni kifaa chenye betri yake ya akiba ndani, ili kikikatiwa umeme wa gari kiendelee kutuma kwa saa kadhaa na kiwapigie meseji kwamba kimekatiwa. Kiwe kinahifadhi njia pale mtandao unapokosekana na kuituma unaporudi, maana kwenye milima ya Usambara mtandao hupotea na kurudi. Na kisiwekwe chini ya dashibodi upande wa dereva. Hapo ndipo mafundi wengi hukiweka wakiwa na haraka, kwa hiyo ndipo mwizi anapopapasa kwanza. Nyinyi mna bahati ambayo mwenye gari la kawaida hana: makabati. Mbao na plastiki hazizuii mawimbi, bati ndilo linalozuia. Kifaa kikilala nyuma ya kabati karibu na dirisha, uso wake ukitazama juu, kitaona anga vizuri na hakuna atakayekipata bila kuvunja nusu ya samani zenu.

Kuhusu kumaliza betri, hesabu ni rahisi. Kifaa kinachokula miliampea 40 kinatumia karibu ampea-saa moja kwa siku nzima. Betri ya ampea-saa 70 iliyo nzima haitaona shida kwa wiki mbili za kuegesha. Waya wake uwe na fyuzi yake ndogo, iliyowekwa karibu na betri. Waya usio na fyuzi ukipita kwenye mbao na magodoro ni moto unaosubiri siku yake.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliulizi kabisa: ile laini iliyomo ndani ya traka ni ya nani? Laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Nimeona magari mengi ambayo laini ya traka iko kwa jina la fundi aliyefunga, au la kijana wa dukani kwake. Maana yake kuna mtu mwingine anayejua gari lako liko wapi kila saa, na anayeweza kulizima. Vilevile vifaa vingi vya bei ndogo hutoka kiwandani na nywila 123456, na mafundi wengi huiacha hivyohivyo. Anayejua namba ya laini anaweza kutuma meseji ya amri na kifaa kikatii. Nunua laini mwenyewe, isajiliwe kwa jina lako au la mumeo, hakiki kwa *106# kwamba imeandikwa kwenu, badilisha nywila mbele ya fundi, na weka kumbukumbu ya kununua bando kabla halijaisha. Traka isiyo na bando ni kipande cha plastiki nyuma ya kabati.

Sasa hiyo sifa ya kuzima injini kwa simu. Hapa inabidi niieleze injini yenu, maana ushauri wowote usioitazama utakuwa wa kubahatisha. 5L ni jina la injini, si lita tano; ni dizeli ya zamani yenye pampu ya mitambo. Haina kompyuta inayosoma ufunguo. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari mapya kuwa na imobilaiza kuanzia mwaka 1998: kidude kidogo ndani ya kichwa cha ufunguo kinachojitambulisha kwa gari, na kisipojitambulisha injini haiwaki hata ukizungusha swichi mpaka kesho. Hiace yenu, kwa kawaida, haina hiyo. Umeme pekee ambao injini inauhitaji ili iendelee kunguruma ni ule unaokwenda kwenye koili ndogo iliyo kwenye pampu, inayofungua njia ya mafuta. Koili ikikosa umeme, mafuta yanakatika na injini inazima. Ikipata umeme, kutoka kokote, injini inaendelea.

Kumbuka pia injini ya Hiace ilipo: chini ya viti vya mbele. Kwenye gari lenye boneti ndefu mwizi anapaswa kufungua mlango, kisha afungue boneti. Kwenu, aliyeshaingia ndani ameshafika kwenye injini. Akiinua kiti anaiona pampu, stata na nyaya zote. Ndiyo maana kwenye Hiace ya zamani mlango una thamani mara mbili, na kifaa chochote cha umeme, kiwe cha siri namna gani, kinamchelewesha dakika chache tu kama anazijua injini hizi. Wanaozijua ni wengi, kwa sababu ni gari la kazi na kila mtaa una fundi wake.

Hata hivyo dakika chache ni mali. Kukata umeme wa ile koili kwa swichi ya siri ni kazi nafuu, na mwizi wa kawaida akipiga stata ikazunguka bila kuwaka, mara nyingi anadhani gari ni bovu na kuliacha. Mimi napendelea swichi ya siri ya mkono kuliko kuzima kwa simu, na sababu yangu ni ya usalama barabarani. Traka huzima injini kupitia rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Rilei ya bei ndogo ikichoka mguso, au fundi akiifunga kwa namna ambayo inahitaji umeme ili injini iendelee, siku moja itaachia yenyewe. Sasa fikiria iachie mkiwa kwenye kona za kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, lori likiwa nyuma yenu. Injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kama mtafunga cha kuzima kwa simu, mwambieni fundi mambo mawili na mwoneni akiyafanya: rilei ifungwe kwenye mguso wake unaoshikana wakati haina umeme, ili ikiharibika gari liendelee kutembea, na kifaa kiwe cha aina inayokubali amri ya kuzima pale tu mwendo unaposhuka sana au gari linaposimama. Na msimzimie mwizi gari akiwa kasi barabarani. Mbele yake kuna watoto wa watu wanaovuka.

Baada ya hapo tuje kwenye chuma, na hapa mumeo ananielewa kuliko wote. Kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu kwenye gari lenu, ningeanza na vitasa na swichi ya kuwashia. Gari la miaka zaidi ya ishirini lina vitasa vilivyolika. Jaribuni hivi: mtafuteni jirani mwenye Toyota ya zamani, ufunguo wake uliochakaa muujaribu kwenye mlango wenu na kwenye swichi, taratibu, huku mkiutikisa. Ukizunguka, hakuna alamu yoyote duniani itakayowafaa kabla hamjabadilisha silinda. Seti mpya ya vitasa na swichi inapatikana kwa wauza vipuri, na fundi umeme yeyote mzuri anaifunga kwa siku moja.

Kinachofuata ni kufuli linaloonekana. Mwizi anayepita usiku akichungulia dirishani anachagua, na anaacha gari lenye kazi. Bomba la usukani linasaidia, lakini lina udhaifu: duara la usukani lenyewe ni laini, linakatika kwa msumeno, na bomba linateleza nje likiwa zima. Kwa gari la gia za mkono kama lenu napenda zaidi kufuli linaloshika pedeli ya klachi pamoja na ya breki. Bila klachi hatafika mbali, na kulikata inabidi ainame chini ya dashibodi kwenye nafasi finyu, mahali ambapo grainda inapiga kelele na kutoa cheche. Mchomeleaji mwenye mkono mzuri anaweza kuwatengenezea kwa vipimo vya gari lenu. Mpelekeeni kufuli lenye mwili mnene unaoficha upinde wake, lile ambalo mkasi wa kukatia chuma haupati pa kung'ata. Makufuli yenye upinde mrefu mwembamba mnayoyaona kwenye mageti ni pambo.

Kuna vitu vidogo vya chini na juu ya gari ambavyo huibwa kwanza kwa sababu havihitaji mlango. Tairi la akiba la Hiace linaning'inia chini nyuma, na yeyote mwenye kifaa cha kulishushia analishusha akiwa amechuchumaa. Pitisheni mnyororo na kufuli. Paneli ya sola isiwe imefungwa kwa nati zinazofunguka kwa mkono. Tumieni bolti zinazohitaji kifaa maalumu, na gundi ya magari chini yake. Vioo vya pembeni, taa na madirisha vichoreni namba ya gari. Vijana wa kuchora vioo wapo kila mji, bei yao ni ndogo, na kioo chenye namba ya gari la mtu hakimpi mnunuzi wa vipuri usingizi.

Alamu nitaipitia haraka. Ile ya bei ya kawaida, yenye swichi za milango na kihisi cha mtikiso, inatosha, kwa masharti mawili. King'ora kiwe na betri yake, la sivyo kinakufa pale waya mkuu unapokatwa. Na kihisi cha mtikiso kisikazwe sana: tumbili akiruka juu ya paa kwenye kambi mara tatu usiku mmoja, mara ya nne mtaizima wenyewe, na majirani hawatainuka tena hata mkiibiwa kweli. Vihisi vya mawimbi vinavyotambua mwendo ndani ya gari vinafaa mkiwa mmetoka. Mkiwa mmelala vinapaswa kuzimwa milango ikibaki kulindwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua kama alamu hiyo ina hali mbili.

Kaka yako msimpuuze, ila mwelezeni gari lenu ni lipi. Kule aliko, magari mengi ya kulala safarini yamejengwa juu ya Fiat Ducato, Ford Transit na Volkswagen Transporter, na magari mapya mengi siku hizi huwaka bila kuchomeka ufunguo. Wezi wawili wanaweza kurefusha mawimbi ya ufunguo ulio mezani ndani ya nyumba hadi kwenye gari lililo nje, likafunguka na kuwaka. Pochi ya kuzuia mawimbi inaziba njia hiyo. Ufunguo wenu ni kipande cha chuma, hauna mawimbi ya kuzuia. Hela ya pochi nunulieni mnyororo wa tairi la akiba.

Sasa usiku, ambao ndio moyo wa swali lako.

Makufuli ya nje kwenye kila mlango ni sawa kabisa mkiwa mmeliacha gari. Mkiwa ndani, sivyo hata kidogo. Pete ya kufuli iliyo nje inaweza kufungwa na mtu yeyote kwa kipande cha waya, na nyinyi mko ndani na watoto, jiko la gesi na betri mbili. Gari lenye kitanda ni chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na mbao ndani ya bati. Likishika moto mna sekunde chache za kutoka, si dakika. Kwa hiyo kanuni yangu kwa magari haya haina msamaha: kila mlango unaofungwa usiku lazima ufunguke kutoka ndani, kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo. Wekeni makomeo ya ndani ya kuzungusha kwa vidole kwenye mlango wa pembeni na ule wa nyuma, na makufuli ya nje yawe ya mchana tu. Zile pete za nje zitengenezwe kwa namna ambayo mkilala mnazing'oa au kuzikunja zisifungike.

Kabla ya safari mfanyie mlango wa pembeni uchunguzi huu. Ufungue, angalia ukingoni mwake, karibu na kitasa, kama kuna kiswichi kidogo cha kulinda watoto. Kikiwa kimesukumwa upande wa kufunga, mlango haufunguki kutoka ndani hata ukivuta kwa nguvu zako zote. Gari lililowahi kubeba abiria huenda lilikaa hivyo miaka. Halafu ingieni ndani wote wanne, zimeni taa, na kila mmoja, hata mtoto mdogo, ajaribu kutoka kwa mlango wa pembeni, kwa wa nyuma na kwa viti vya mbele. Mlango wa nyuma kama hauna mkono wa ndani, fundi bodi anaweza kuupitishia kamba au fimbo. Na kabati lisizibe njia ya kwenda kwenye usukani, maana mara nyingi ulinzi bora wa usiku ni kupanda kiti cha dereva na kuondoka bila kushuka. Kwa sababu hiyohiyo egesheni pua ikitazama njia ya kutokea, ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na nyote wawili, na ile pedeli ifunguliwe mnapoingia kulala.

Kuhusu dawa ya kupulizia: najua hadithi hizi, zimeenea Moshi kama zilivyoenea Mombasa, na wenye magari ya kulala kule Ulaya nao wanazo zao. Chuo cha Kifalme cha madaktari wa nusukaputi cha Uingereza kiliulizwa jambo hili na kikajibu wazi kwamba haiwezekani kumlaza mtu kwa kupuliza etha, klorofomu au dawa za ganzi zitumikazo sasa kupitia dirisha la gari bila yeye kujua. Daktari wa ganzi hospitalini anapima dawa pumzi kwa pumzi, mgonjwa akiwa amefungwa kinyago na mashine zikimwangalia. Kiasi cha kujaza gari zima kingehitaji mitungi, kingenuka, kingekohoza, na kisingemlaza baba na mtoto wa miaka minne kwa usalama uleule. Watu waliochoka kwa safari, joto na chakula kizito hulala usingizi mzito. Hilo linatosha kueleza mengi.

Lakini ipo hewa inayolaza watu ndani ya magari kweli, nayo hailetwi na mwizi. Ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye jiko la mkaa, jiko la gesi linaloungua vibaya na ekzosi inayovuja. Mtu huamka na kichwa kinachogonga na kichefuchefu, akiamka. Nalitaja kwa sababu watu wanaoogopa kupuliziwa dawa huziba kila tundu la hewa kwa tepu na magodoro, na kwa kufanya hivyo huleta hatari ya kweli ndani. Msizibe matundu. Jiko la mkaa lisiingie garini kamwe, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo tundu la chini liwepo na mtungi ufungwe kwenye koki kila baada ya kupika. Kihisi cha kaboni monoksidi kinachotumia betri kiwemo kwenye ile milioni yenu. Na ule usakinishaji wa gesi, kama mlijifungia wenyewe, kabla ya Desemba mpelekeeni fundi wa gesi auone kwa macho. Hilo sitalijibu kwa maandishi.

Pa kulala pachagueni kwa mlinzi, si kwa mandhari. Kambi yenye geti, hosteli ya misheni, au kituo cha mafuta chenye mlinzi wa usiku mliyeomba ruhusa kwake na kumwachia chochote, vinalinda kuliko kifaa chochote nilichokitaja. Mlango wa nyuma ukikaribia ukuta mwizi hawezi kuufungua; huo ndio mlango pekee mnaoruhusiwa kuuziba hivyo, na ni pale tu milango mingine yote inapofunguka kutoka ndani.

Ile milioni basi, kwa mpangilio wangu: vitasa na swichi mpya kama zile za zamani zimelika, kufuli la pedeli, makomeo ya ndani, mnyororo wa tairi, kuchora vioo, kihisi cha kaboni monoksidi, swichi ya siri, kisha traka. Ikibaki hela, alamu. Isipobaki, safirini bila alamu. Swichi ya siri na traka zifungwe na fundi umeme anayewaonyesha kazi yake. Akikataa msimame naye karibu, tafuteni mwingine.

Bima iangalieni wiki hii, si Desemba. Bima ndogo hailipi gari likiibwa, inalipa madhara kwa wengine, na Kadi ya Njano ya COMESA mtakayoihitaji kwa kuvuka ni ya aina hiyohiyo. Kama mna bima kubwa, mwambieni wakala kwa maandishi kwamba gari limegeuzwa na vitu gani vimefungwa ndani, mkiambatanisha picha na risiti. Bila hivyo huenda wakalithamini kama Hiace tupu, au wakapata sababu ya kukataa. Kadi ya gari mtaihitaji mpakani, kwa hiyo itembee kwenye mkoba wenu na isilale garini. Mwizi mwenye gari na kadi yake ana kazi nyepesi sana ya kuuza. Piga picha namba ya chesisi na ya injini, ziwe kwenye simu za wote wawili.

Likitokea la kutokea, msilifuate gari wenyewe hata kama nukta inaonekana kwenye simu mtaa wa pili. Pigeni 112, nendeni kituo cha karibu mkiwa na picha hizo, mpate RB, na ukiwa Kenya namba ya OB, kisha mwonyesheni askari ile nukta akiwa na uwezo wa kuchukua hatua.

Na kabla hamjafika Horohoro, washeni rominga, yaani huduma ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, kwenye laini ya traka na mjaribu. Laini ya Tanzania isiyo na rominga inanyamaza punde mtandao wa nyumbani unapokatika, na wengi hugundua hilo wakiwa tayari wanalihitaji gari lao. Mkiwa Lunga Lunga, kabla ya kuendelea na safari ya Diani, simameni, tumeni meseji ya kuuliza mahali, na msubiri mpaka ijibu.